Mwanangu anataka kumtetea baba yake, nami naijua sababu iliyomwondoa kazini

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika Mkoa wa Morogoro, nina umri wa miaka 44 na watoto watatu. Mume wangu alikuwa tabibu, na kwa miaka 11 aliongoza zahanati ya kijiji ambacho sitakitaja. Watu walimwita Daktari, nami wakaniita Mke wa Daktari. Wapo wanaoniita hivyo hadi leo, ndiyo maana nimelitumia jina hilo mwishoni mwa barua hii.

Ijumaa ya tarehe 28 Aprili 2017, siku ambayo ripoti ya uhakiki wa vyeti ilikabidhiwa kwa Rais kule Dodoma, nilikuwa nasahihisha madaftari huku redio ikiwa imewashwa, na mume wangu alikuwa amekaa barazani. Ilipotangazwa kwamba watumishi 9,932 wamebainika kuwa na vyeti vya kughushi, na kwamba watakaoondoka wenyewe kabla ya tarehe 15 Mei hawatafikishwa mahakamani, aliingia ndani, akaizima redio na kuniambia tuanze kufungasha.

Usiku ule ndipo aliponieleza. Alipomaliza kidato cha nne alipata daraja sifuri. Kaka yake, mtoto wa baba yake mkubwa, alikuwa amefaulu na tayari alikuwa amekwenda ualimu. Mume wangu aliombea nafasi ya chuo cha afya kwa cheti cha kaka huyo, akasoma miaka 3, akafaulu mitihani yote mwenyewe, akaajiriwa kwa jina lile. Yeye anasema aliazimwa cheti. Kaka yake anasema hakuwahi kumpa. Mimi nilimfahamu akiwa tayari na jina hilo. Ni kweli kwamba mama mkwe alikuwa akimwita jina jingine tulipokwenda kijijini kwao, lakini niliambiwa ni jina la utotoni, na sikutaka kuuliza zaidi. Nakuapia kwamba sikujua.

Tulikuwa tunaishi katika nyumba ya mtumishi iliyo pembeni ya zahanati. Tulihama tarehe 12 Mei, saa tisa usiku, kwa kirikuu tuliyoikodi, tukiogopa macho ya watu. Mwanangu mkubwa alikuwa darasa la sita. Aliniuliza kwa nini tunahama usiku kama wezi, nikamwambia anyamaze, awabebe wadogo zake.

Mume wangu alikuwa na mkopo wa benki wa shilingi milioni 12 uliokuwa ukikatwa kwenye mshahara wake, nami nilikuwa nimesaini kama mdhamini. Mshahara uliposimama, wakanijia mimi. Nilikopa kwa mshahara wangu nikalipe deni lake, nikabaki nachukua theluthi moja tu kila mwezi, na miezi ilipokuwa haifiki mwisho nikaingia kwenye mikopo ile ya mitaani tunayoiita kausha damu. Nimemaliza madeni hayo mwaka jana. Boma la nyumba yetu halijaezekwa mpaka leo.

Yeye alikodi shamba la mpunga. Kila siku huondoka saa kumi alfajiri na kurudi giza limeshaingia, ili asikutane na mtu njiani. Wapo wazazi wanaotufuata huku tulikohamia, usiku, wakiwa na watoto wenye homa mgongoni. Hujibu akiwa ndani, bila kufungua mlango, kwamba Daktari hayupo.

Watoto tuliwaambia kwamba baba yao aliondolewa kwa fitina za wakubwa. Yeye ndiye aliyeanza kusema hivyo, nami nikaunga mkono, kwa kuwa walikuwa wadogo na shuleni walikuwa wanazomewa. Kaka yake, ambaye ni mwalimu, mshahara wake ulizuiwa kwa muda hadi alipothibitisha kwamba cheti ni chake, na tangu hapo ukoo umegawanyika. Kwenye msiba wa bibi, mwaka 2021, alimwambia mume wangu mbele ya watu, "Watoto wako wanatembea na jina langu." Sijui kama mwanangu aliisikia kauli hiyo.

Mwaka 2022 Serikali ilipokubali kuwarejeshea michango yao ya hifadhi ya jamii wale walioondolewa kwa vyeti, nilimsihi aende akadai. Alikataa. Alisema hatarudi kwenye ofisi zilezile kujiandikisha kama mwenye cheti feki, na kwamba afadhali afe kuliko watoto wake wajue.

Sasa mwanangu amemaliza kidato cha sita, amesomea mchepuo wa PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, na anataka kuwa daktari ili aendeleze kazi ambayo baba yake alinyang'anywa. Mwezi uliopita alinipa karatasi nne alizoandika kwa mkono. Ni barua ya malalamiko anayotaka kuipeleka kwa mbunge na ngazi za juu, akieleza jinsi baba yake alivyoonewa na kuomba arudishwe kazini. Aliniomba nimsahihishie Kiswahili. Nilisahihisha makosa mawili kwenye ukurasa wa kwanza, nikashindwa kuendelea, nikaifungia ndani ya sanduku la vitabu. Kila jioni ananiuliza kama nimemaliza.

Nimemweleza mume wangu. Amejibu kwamba nikimwambia mtoto, yeye hatakaa tena katika nyumba hii. Je, nimwambie mwanangu ukweli? Ninyamaze? Nimechoka, na wakati mwingine namchukia mume wangu, kisha namwona akirudi na matope magotini, chuki inaisha.

Mke wa Daktari, Morogoro

*

Marahaba, Mwalimu.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilimwona mume wako, mara ya pili nikamwona mwanao, na ya tatu ndipo nikakuona wewe, kwa sababu umejiweka nyuma ya wote. Umelipa deni ambalo hukulikopa, umebeba siri ambayo hukuianzisha, na sasa umekabidhiwa karatasi nne ambazo huwezi kuzisahihisha wala kuzirudisha. Kabla sijagusa swali lako, nakupa pole ya miaka minane, maana nadhani hujaipata kwa yeyote.

Nianze na mwaka 2017. Siku zile watu wengi walifurahi, na sababu walikuwa nayo. Kila nafasi ya chuo iliyochukuliwa kwa cheti cha mtu mwingine ilimkosesha kijana fulani aliyefaulu kwa jasho lake, na katika ukoo wenu wenyewe yupo mtu aliyezuiliwa mshahara kwa kosa ambalo hakulifanya. Hilo lisifichwe wakati wowote mtakapokuja kulizungumza. Lakini furaha ile haikuwa na nafasi ya kuuliza ni nini kinatokea ndani ya nyumba ambayo kipato, makazi, heshima na jina vimeondoka katika majuma mawili. Mimi nimepokea barua kadhaa kutoka kwenye nyumba za namna hiyo, za wake, za waume, na moja ya binti aliyelea wadogo zake, na karibu zote zinafanana na yako katika jambo hili: fedha iliumiza mwanzoni, na uongo uliotungwa ili kuwakinga watoto ndio uliodumu.

Umeniuliza kama umwambie mwanao au unyamaze. Naomba kwanza tuyaangalie mambo ambayo umeyachukua kama yameshathibitika, kwa sababu naona baadhi yake bado yana mlango.

La kwanza ni kwamba mwanao hajui. Kijana huyu alihamishwa saa tisa usiku akiwa darasa la sita, umri ambao mtoto huona kila kitu. Alizomewa shuleni, na watoto wanaozomea wenzao huwa wanataja sababu. Alikuwepo msibani. Ana simu, na amesoma habari za mwaka 2022 kama tulivyozisoma sisi. Inawezekana kabisa kwamba anaamini kwa moyo wake wote kwamba baba yake alionewa. Inawezekana pia kwamba anashuku, na kwamba zile karatasi nne ndiyo njia yake ya kuuliza. Jiulize kwa nini kijana aliyesoma hadi kidato cha sita amletee mama yake barua ya kiserikali asahihishe tahajia, kisha angoje mwezi mzima bila kuiandika upya na kuipeleka. Sisemi kwamba ndivyo ilivyo. Nasema usikae naye ukidhani unambebea habari asiyoijua hata chembe, kwa kuwa huenda unambebea jibu analolisubiri.

La pili linakuhusu wewe, na nitalisema taratibu. Umeniapia kwamba hukujua, na sina sababu ya kukutilia shaka. Lakini wewe mwenyewe umeandika, bila kuulizwa, kwamba mama mkwe alimwita kwa jina jingine na hukutaka kuuliza zaidi. Wake wengi wangefanya vivyo hivyo, na kutouliza si sawa na kughushi. Nakigusa kipande hicho kwa sababu moja tu: siku mtakapozungumza, mwanao anaweza kukuuliza, "Na wewe, Mama?" Ukiwa umejiandaa kumjibu kwa maneno yaleyale uliyoniandikia mimi, pamoja na lile la kutotaka kuuliza, atakuwa na mzazi mmoja ambaye maneno yake hayahitaji kuhakikiwa.

La tatu ni kwamba ukweli una umbo moja, yaani kwamba baba yake alikuwa tapeli. Mume wako aliingia chuoni kwa mlango usio wake, na hapo hakuna la kupunguza. Ndani ya chuo alisoma miaka 3, na kwa miaka 11 alizalisha wanawake na kutibu malaria za watoto ambao wazazi wao bado wanamtafuta gizani. Mambo haya mawili hayafutani, na nyumba yenu imeshindwa kuyashika yote kwa pamoja: barazani anasimuliwa kama shujaa aliyeonewa, na yeye moyoni mwake anajiona mhalifu asiyestahili kufungua mlango. Kijana wa miaka ishirini anaweza kuyashika yote mawili, ingawa hatayashika kwa siku moja.

Sasa njia zilizo mbele yako. Njia ya kunyamaza naielewa, na pengine ingefaa kama karatasi zile zisingekuwepo. Hatari yake ni kwamba siri hii haimo mikononi mwenu tu. Baba yake mkubwa anaijua, ukoo unaijua, orodha zilitembea. Na kama mwanao ataipeleka barua ile, ataliweka jina la baba yake mezani kwa watu ambao kazi yao ni kufungua majalada, na jibu litakalorudi litamfikia yeye kwanza, kwa lugha ya ofisi. Kwa sababu hiyo hiyo ningependa, kabla karatasi yoyote haijatoka nyumbani, mmoja wenu amwone mwanasheria au msaidizi wa kisheria. Huduma hiyo ipo kwa wasio na uwezo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Swali la jina la watoto pia mlipeleke hukohuko. Jina walilosajiliwa nalo wamelisomea na kufanyia mitihani, nao hawakulichagua. Msikimbilie kulibadilisha kwa hasira au kwa aibu kabla ya kujua kila hatua inagusa cheti kipi.

Njia ya kumwambia wewe mwenyewe, nyuma ya mume wako, ina unafuu wake, kwa sababu itakuondolea mzigo leo. Hata hivyo, nakuomba uipime dhidi ya jambo hili: jina la mume wako liliwahi kutolewa hadharani bila yeye kupata nafasi ya kusema neno mbele ya watu waliomheshimu. Akivuliwa mara ya pili, ndani ya nyumba yake, na mkewe, sijui kama mtaweza kurudi mlipokuwa. Upande mwingine, siri hii ni yako pia. Umeilipia. Mume anayesema, "Ukimwambia, naondoka," anakufunga kwenye jambo ambalo una haki nalo, na sidhani kwamba unapaswa kuinama mbele ya sentensi hiyo milele. Kati ya hayo mawili mtaani kwetu huwa tunapita kwa mtu wa tatu, mzee wa ukoo, padri, shehe au shangazi anayeheshimika. Ni njia nzuri, mradi mtu huyo asiwe na ugomvi na kaka yenu, na mradi mume wako amjue kabla hujamweleza chochote.

Ipo kauli moja katika barua yako ambayo sitaipita. Umeandika kwamba alisema afadhali afe kuliko watoto wajue. Huenda ni maneno ya uchungu ambayo kila mtu huyasema. Lakini mtu aliyejificha miaka minane, anayetoka na kurudi gizani, asiyezungumza na mtu, maneno yake nayachukua kwa uzito wake. Muulize waziwazi kama huwa anafikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi humpa mtu nafasi ya kupumua. Akikiri, au ukiona anagawa vitu, anaaga aga, au anaweka dawa za shambani karibu, usimwache peke yake, ziondoe dawa hizo, na umpeleke hospitali siku hiyohiyo. Na hata asipokiri, hospitali ya mkoa ina wahudumu wa afya ya akili. Kwa mtu aliyekuwa tabibu, kukaa upande wa mgonjwa kutakuwa kugumu sana, kwa hiyo mwandamane.

Kuhusu michango, usiibebe kama fimbo. Kinachorejeshwa ni kile alichokatwa yeye mwenyewe, asilimia 5 ya mshahara wake, na sehemu ya mwajiri haimo. Kwa hiyo haitaezeka boma lote. Dai ni lake, na huwezi kulifuatilia kwa niaba yake kimyakimya. Lakini unaweza kumwambia jambo ambalo huenda hajalisikia kwa namna hii: malipo yalipoanza tarehe 1 Novemba 2022, waliojitokeza walikuwa watu kama yeye, walimu na wauguzi na madereva, na Serikali iliyowaondoa ndiyo iliyokubali kwamba jasho walilokatwa ni lao. Kwenda dirishani si kukiri kosa jipya. Ofisi ya mkoa ya PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, ndiyo itakayowaeleza utaratibu ulivyo kwa sasa kwa mtu ambaye hakudai wakati ule, na swali hilo unaweza kwenda kuuliza bila kutaja jina la mtu.

Na zile karatasi nne? Mwanao anakuuliza kila jioni, na kila jioni unampa kisingizio. Ningekuwa wewe, ningemwambia jambo moja la kweli ambalo halivunji ahadi kwa mtu yeyote: "Nimeisoma. Yapo mambo humu ambayo baba yako anapaswa kuyasoma kabla ya mtu mwingine. Naomba usiipeleke popote hadi ayasome." Huenda atakasirika. Huenda pia atanyamaza kwa namna itakayokujulisha kwamba alikuwa anashuku tangu zamani. Vyovyote itakavyokuwa, utakuwa umemwekea breki bila kumdanganya tena.

Kisha mpe mume wako hizo karatasi. Nadhani amesikia kutoka kwako kwamba kuna barua, lakini hajasoma jinsi mtoto wake anavyomwandika. Usimpe nyumbani, ambako kuta zimeshazoea ukimya wenu. Umesema huondoka saa kumi alfajiri. Jumamosi moja, kama afya yako inaruhusu, ondoka naye. Beba chai na viazi, fanyeni palizi hadi jua likaze, na mtakapokaa kivulini mpe mkononi, kisha usiseme kitu. Akirudia kwamba ataondoka, msikilize hadi mwisho, halafu mwulize angependa mtoto ayasikie haya kutoka kinywani mwa nani, kwake yeye au kwa baba yake mkubwa. Anaweza kuomba muda, naye mpe, lakini mpange pamoja urefu wake, maana kijana atakwenda chuo na hamjui ataondoka na barua gani mfukoni.

Niandikie tena baada ya siku hiyo, hata kama ni mistari miwili. Na yale makosa mawili uliyosahihisha kwenye ukurasa wa kwanza, yaache yalivyo. Mume wako atautambua mwandiko wako kando ya ule wa mwanawe.